Mkono Chini ya Meza

Karani wa daftari la ngiri huandika kwa penseli, maana tarehe za upasuaji hufutwa kila wiki. Kariakoo siku hizi imejaa redio za Dubai, lakini hospitali haina uzi wa kushonea. Hulamba kidole, hufunua ukurasa, husema kwa upole, "Mama Kuruthumu, mwezi ujao." Ndivyo anavyoniambia tangu mfungo, na mume wangu mpagazi sasa hawezi kubeba hata ndoo. Mkono wa kushoto wa karani hautoki chini ya meza. Nilidhani ni maringo.

Leo, mume wangu akiwa kwenye benchi, karani aliinuka kufunga dirisha, nikauona umekandamiza kinena, kama mume wangu anavyofanya akikohoa.

"Na wewe, kaka?"

"Mwaka wa tatu, mama." Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye ukurasa, tarehe yake imefutwa mpaka karatasi imetoboka.

"Na daftari unalo mwenyewe!"

"Karani akijiita, nani ataliamini tena?"

Mlango wa upasuaji ukafunguka. Nesi akasema, "Uzi upo wa mtu mmoja tu. Nani?"

Akalamba kidole, akasoma jina la pili, la mgonjwa mwingine. Mume wangu, aliyekwisha kuinuka, akaketi tena. Mlango ukafungwa.