Rubani na Jumamosi ya Mahari

Juzi nilikuwa kwa fundi wa nguo Homa Bay, nasubiri kupimwa suti ambayo, niseme ukweli, itawaumiza wengi. Mbele yangu alisimama rubani kijana akipimwa, mikono juu kama mwizi aliyeshikwa, macho kwenye simu.

“Ratiba ya kazi inatoka leo,” alisema. “Niliomba Jumamosi nipeleke mahari Mbita.”

“Si uwaambie tu huendi kazi?” fundi akauliza, pini mdomoni.

“Marubani wakubwa huchagua siku kwanza. Sisi wapya tunaokota mabaki. Nimeshaahirisha kwa wakwe mara mbili, na mama mkwe amesema nikikosa tena nisirudi.”

Mjomba wake, aliyemsindikiza, akacheka kutoka kwenye benchi. “Nyathina, mtoto wangu, unabeba watu wote hao angani, unashindwa kubeba Jumamosi moja?”

Mimi niliacha shule darasa la saba, na Jumamosi zangu zote ni zangu. Nilimwambia rubani hivyo. Hakucheka. Kola yake ilikuwa imelowa jasho.

“Sasa nikate kitambaa ama nisikate?” fundi akauliza.

Simu ikalia. Rubani akasoma, akashusha mikono polepole. “Jumamosi asubuhi. Nairobi kwenda Entebbe.”

Mjomba akachora njia hewani kwa kidole. “Hiyo si inapita juu ya Mbita?”

“Inapita.”

“Basi nitasimama na ng'ombe uani kwao. Nikisikia mlio, nitamwonyesha mama mkwe juu: bwana harusi amefika, ila hashuki.”

Fundi akaweka mkasi chini, akaniita mimi. Nyinyi mnaowaambia watoto wasome wapae, waulizeni pia watashuka siku gani.