Kisanduku Katikati ya Kioo

Nilitoka eda siku ya Jumatatu, na Jumanne asubuhi nikafungua fremu yetu ya duka Kariakoo, ile ambayo mimi na marehemu mume wangu tuliifanyia kazi miaka kumi na moja: kuchapa barua, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Nikafuta vumbi, nikawasha kompyuta, nikakaa. Kioo kikawaka vizuri. Halafu katikati yake kikajitokeza kisanduku cha menyu, kile cha kuongeza na kupunguza mwanga, kimejaa maandishi ya Kichina, na hakikuondoka.

Nilisubiri, maana menyu ya namna hiyo kwa kawaida hujizima yenyewe ukiiacha. Hii ilikaa. Nikafungua barua ya zamani niliyowahi kumchapia mchuuzi mmoja wa samaki wa Feri. Juu niliona anwani na neno "Yah", chini kabisa niliona "Wako mtiifu". Alichokuwa anaomba yule bwana kilikuwa chote nyuma ya kisanduku. Nikabonyeza vitufe vilivyo chini ya ukingo wa kioo, kimoja baada ya kingine. Hakuna kilichoitika.

Saa nne akapita shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Alitazama kioo, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo sikumwomba.

"Si nilikwambia, shemeji? Hivi vitu vina wenyewe. Kapumzike nyumbani, sisi tupo. Alasiri nakuja na dalali, kuna mtu anaitaka fremu auze mapochi."

"Nani kasema fremu inatolewa?"

"Mashine imekufa. Utakaa hapa ufanye nini, uhesabu wapita njia?"

Akaondoka kabla sijamjibu, kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Nilikasirika, na sioni sababu ya kulipamba hilo. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani kama inavyotakiwa. Nilikaa kwa heshima ya mume wangu na sijutii hata siku moja. Lakini katika siku zote hizo mambo yangu yaliulizwa kwa watu wengine na kujibiwa na watu wengine, mimi nikiwa chumba cha pili nasikia. Hapa dukani ndipo mahali pekee ambapo mtu akiingia ananiuliza mimi. Nikitoka kwenye kiti kile, sirudi tena. Nilijua hivyo, na shemeji alijua hivyo.

Nikamwita fundi wa fremu ya nne. Akaja na bisibisi sikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nitazamie hiki."

Alibadilisha waya, akabonyeza mara mbili, akapiga kioo kofi la mgongoni. "Hiki kimekufa, mama. Nunua kingine tu. Hiki niachie nikakutupie."

"Utakitupa wapi?"

Akacheka. Nimeishi Kariakoo muda wa kutosha kujua kwamba fundi anayejitolea kutupa kitu chako ana mteja wake tayari. Nikamshukuru, nikamrudisha kwenye fremu yake.

Nikabaki mimi na kile kioo. Ukweli ni kwamba mashine zilikuwa za marehemu. Yeye ndiye aliyezifungua na kuzifunga, mimi nilikuwa nachapa. Lakini miaka kumi na moja macho yangu hayakuwa yamefumba. Alikuwa na mtindo wake: anaondoa kitu kimoja, anatazama, ndipo anaondoa kingine. Basi nikachomoa waya unaotoka kwenye kompyuta. Barua ikapotea, kisanduku kikabaki peke yake kwenye weusi. Vizuri, kompyuta haina kosa. Nikachomoa umeme, nikahesabu hadi mia moja, nikarudisha. Kioo kikawaka safi, nikashusha pumzi, na hapo hapo kisanduku kikarudi. Kitu kilichokufa hakifanyi hivyo. Nikajiambia, kisanduku hiki kinaitwa, na kuna kidole kinakiita bila kupumzika.

Nikapitisha kidole changu chini ya ukingo, taratibu sana. Kitufe cha pili kililia tiki. Cha tatu tiki. Cha nne tiki. Cha kwanza kilikuwa kimezama ndani, hakipandi wala hakishuki, na juu yake palikuwa na kitu cha kunata.

Nailoni.

Nyumba zetu mnazijua. Rimoti inaishi ndani ya nailoni mpaka namba zinafutika, godoro linalaliwa na nailoni yake likipiga kelele usiku, na anayeibandua anaonekana hana adabu na vitu. Marehemu alikuwa bingwa wao. Tangu siku tuliyonunua kile kioo hakuiruhusu nailoni yake itoke. Ilipoanza kunyanyuka pembeni aliikunja chini ya ukingo na kuibana kwa selotepu, na mimi nilimcheka. Sasa duka lilikuwa limefungwa miezi minne bila feni, kwenye joto letu hili. Gundi ya selotepu ikalainika, ikashuka na kipande cha nailoni, vikaingia kwenye mwanya wa kitufe na kukishikilia.

"Kumbe ni wewe, mume wangu," nikasema kwa sauti, dukani, peke yangu.

Nililia. Kukitoa kile kipande kulitaka kuibandua nailoni yote, na ile ndiyo ilikuwa na alama za vidole vyake, nyingi, pale alipozoea kukishika kioo anapokigeuza. Niliikasirikia, nikamkasirikia na yeye kwa kufa. Halafu nikashika pembe ya juu nikavuta. Ilitoka kwa sauti ndefu ya kuchanika. Nikakata kwa wembe kipande kilichobaki kwenye mwanya, nikachokoa gundi kwa kijiti cha meno na spiriti kidogo mpaka kitufe kikaruka juu na kulia tiki. Nikawasha. Nikasubiri hadi mia moja, nikasubiri tena mia moja. Barua ya yule bwana wa Feri ilionekana yote. Alikuwa anaomba meza ya kuuzia samaki.

Shemeji alikuja baada ya swala ya alasiri, yeye na dalali mwenye mkoba kwapani. Hakutazama kioo. Alinitolea karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono. Mkataba wa fremu ulikuwa kwa jina la marehemu, na bila sahihi yangu mwenye nyumba asingeuhamisha kwa mtu mwingine.

"Saini hapa tu, shemeji. Sisi ni familia."

Dalali akaichungulia. "Mzee, hii haipokelewi. Mwenye nyumba anataka ya kuchapa."

Shemeji akageuka aende kutafuta mahali pa kuichapisha.

"Mnaenda wapi?" nikasema. "Hapa si duka la kuchapa? Nipeni."

Akanitazama, kisha akatazama kioo kwa mara ya kwanza, na uso ukabadilika kidogo. Lakini karatasi akanipa. Nadhani alidhani nimelegea.

Iliandikwa hivi: Mimi, mjane wa marehemu, nimeridhia kumkabidhi shemeji yangu fremu hii. Nikaichapa na anwani, na tarehe, na nafasi ya sahihi, kazi safi. Neno moja tu ndilo nililolirekebisha. Nikaitoa kwenye printa ikiwa bado ya moto, nikampa shemeji. Hakuwa na miwani, akampa dalali asome.

Dalali akasoma kwa sauti ya kikazi, akafika katikati, akarudi nyuma, akarudia kimoyomoyo.

"Mzee," akasema, "hapa pameandikwa 'sijaridhia'."

"Ndiyo," nikasema. "Sasa niazime kalamu nisaini."