Nilikata Meza ya Cherehani ya Mke Wangu Nikaifanya Disko

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Alhamisi, mvua ya Aprili ikiwa imekatika kidogo, nilishika msumeno nikakata meza ya cherehani ya mke wangu. Sikutumwa na mtu. Sikuwa nimelewa, maana sinywi. Nilikuwa nimepima kabla ya kukata na nilidhani najua ninachofanya. Kosa ni langu peke yangu, na leo nalisema mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tuliishi Mwihoko, vyumba viwili vya kupanga, mimi, mke wangu na watoto watatu. Mchana nilifanya kazi ya stoo katika kiwanda kimoja cha Ruiru. Jioni nilikuwa fundi wa redio. Sikufundishwa na mtu. Nilinunua vitabu vya umeme vilivyochakaa kutoka kwa wachuuzi wa Thika, nikavisoma na kamusi pembeni, nikaharibu redio kadhaa za majirani hadi nikajua kuzitengeneza.

Rafiki yangu Sefu aliuza kaseti katika soko la Githurai 45. Yeye ndiye aliyeleta wazo la disko. Wakati ule mtu akikodi muziki wa sherehe aliletewa pikapu nzima, na spika zilizoshinda kabati kwa ukubwa.

"Ndugu yangu," Sefu aliniambia, "watu wa hapa wana nyua ndogo na sherehe nyingi. Atakayekuja na disko ya kubebwa na watu wawili, huyo ndiye atakula."

Nikaanza kujenga. Nilichukua deki mbili za kaseti zilizokufa, nikazifufua, nikazivua makasha ili zisichukue nafasi. Miksa niliiunda mwenyewe: vifundo viwili vya kuongeza na kupunguza sauti, na swichi ya kusikiliza wimbo unaofuata kwa hedifoni kabla haujatoka. Amplifaya ilitoka kwenye basi lililopata ajali. Ilitumia betri ya gari, kwa hiyo stima ikipotea, na ilikuwa ikipotea sana, muziki ungeendelea. Mpaka leo nasema ile ilikuwa kazi safi.

Kilichonishinda ni sanduku. La kwanza nililigonga kwa mabaki ya mbao, likawa zito na likayumba. Hapo Sefu akapata kazi yetu ya kwanza, sherehe ya kijana aliyefuzu chuo kikuu, Kahawa Sukari, Jumamosi saa nane. Nilienda duka la vifaa vya ujenzi Ruiru nikauliza bei ya plaiwudi na bawaba. Nikaona ni ghali. Nikarudi nyumbani mikono mitupu na nimekasirika.

Nikaketi. Mbele yangu palikuwa na cherehani.

Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Wambui kwa jina la kifungua mimba wetu, aliinunua kwa pesa za zamu yake katika chama cha akina mama. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu: kichwa cha chuma juu, meza ya mbao katikati, na chini miguu ya chuma yenye pedali na gurudumu. Ukimaliza kushona unakikunja kichwa kinazama ndani ya shimo la meza, unafunika kifuniko, unabaki na meza ya kawaida yenye droo mbili. Shimo, kifuniko, droo za kaseti, na magurudumu madogo ya kusukumia. Nilichukua futi nikapima. Ni kama ilitengenezwa kwa ajili ya disko yangu.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Thika kwa dada yake aliyekuwa amejifungua, na alisema angerudi Jumapili jioni. Alikuwa ameacha sare thelathini za shule moja ya chekechea, zimeshakatwa, zimefungwa mafungu mafungu, zinangoja kuunganishwa. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatano. Ilikuwa mara ya kwanza shule kumwamini na kazi kama hiyo, na mwenye shule alikuwa amemwahidi kwamba zikitoka vizuri na kwa wakati, atakuwa fundi wao wa kila mwaka. Mama Wambui alikuwa ameshaenda kuangalia kibanda cha kukodi ili aache kushonea mlangoni. Alinionyesha hata mahali ambapo angetundika kioo.

Yote haya niliyajua. Hesabu yangu ilikuwa kwamba sherehe ni Jumamosi, meza inarudi mahali pake Jumapili asubuhi, naye anafika jioni. Hangejua.

Nilifungua skrubu za bawaba, nikakitoa kichwa cha cherehani, nikakifunga kwa shuka nikakilaza kitandani. Deki ziliingia shimoni vizuri kabisa. Miksa ikaingia. Amplifaya ikakataa kwa upana wa vidole viwili.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Badala yake nilikata ukingo wa shimo, upande ule bawaba za kichwa zinapokaa. Kipande nilichokata nilikifunga kwenye gazeti, nikaandika juu yake kwa penseli "kulia" na "juu", ili nikirudishe vilevile kilivyotoka. Niliona huo ni uangalifu.

Jumamosi Sefu alikuja na mkokoteni. Aliizunguka meza, akafungua kifuniko, akafunga, akafungua tena.

"Wallahi hii ni akili," alisema. "Inapita hata mlangoni." Kisha akainama akaiona pedali. "Na Mama Wambui anajua?"

"Anajua."

"Na amekubali?"

"Nimekuambia anajua."

"Basi ana roho nzuri huyo. Mimi nikigusa hata sindano ya wangu, nalala nje."

Nilicheka. Bado nakumbuka kwamba nilicheka.

Kule Kahawa Sukari walikuwa wamesimamisha hema uani, matope yamefunikwa kwa maranda ya mbao. Niliifunika meza mbele kwa kitambaa cheusi ili miguu ya cherehani isionekane, nikaweka spika mbili ndogo juu yake na mbili kubwa chini. Nyimbo za kwanza zilitoka vizuri. Wazee walikuwa wakila, sauti ilikuwa ya chini, na baba mwenye sherehe alinipungia mkono. Nilijiona mtu.

Kisha vijana wa chuo wakamaliza kula.

"Mzee, ongeza besi."

Niliongeza. Kutoka chini ya meza ikaanza kusikika kra-kra-kra-kra. Ilikuwa ni pedali. Besi ilikuwa ikiitikisa miguu ya chuma, pedali ikacheza, nalo gurudumu likaanza kwenda mbele na nyuma. Nyumbani nilikuwa nimeijaribu kwa sauti ya chini tu, kwa kumwogopa mwenye nyumba, kwa hiyo jambo hilo sikulijua. Niliifunga pedali kwa mshipi wa suruali yangu. Kelele ikahamia kwenye droo. Nikaziba droo kwa karatasi. Sasa mtikisiko ukapanda hadi kwenye deki, na sauti ya mwimbaji kwenye kaseti ikawa inayumba kama ya mtu anayeimba akiwa juu ya punda.

Kijana mmoja alikuja akainua kitambaa cheusi akachungulia. Akawageukia wenzake.

"Wasee, hii ni cherehani!"

Wakaja wote.

"Mzee, hii ni disko ama ni fundi wa nguo?"

"Buda, ukimaliza hiyo ngoma nishonee zipu."

"Ongeza besi, apunguze suruali yangu hapa kwa kiuno."

Walicheka hadi wengine wakashikilia nguzo ya hema. Baba mwenye sherehe alinijia kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. "Fundi, tafadhali," akasema. "Nina wageni."

Nilikuwa nimepiga magoti nikikaza skrubu, jasho likinitoka, nikiilaani ile pedali. Nilipoinua kichwa nilimwona Mama Wambui.

Alikuwa amerudi siku moja kabla, maana dada yake alikuwa na nguvu tayari naye alitaka kuanza sare mapema. Alipofika nyumbani alikuta kichwa cha cherehani kimelala kitandani pake kama mgonjwa. Wambui akamwambia nilikokwenda. Akaja kwa miguu, begi la safari mkononi, viatu vimejaa matope. Alisimama nyuma ya wale vijana, na zile kejeli alizisikia zote. Alingoja hadi nilipozima kaseti.

"Baba Wambui, habari ya kazi?"

"Nzuri," nikasema. "Umerudi mapema."

"Nimerudi kushona."

Alivuta droo ya kulia. Alitoa kaseti za Sefu mojamoja akazipanga juu ya meza, akafika chini kabisa akatoa mkasi wake, chaki yake na futi yake. Ndiyo futi niliyopimia. Akavitia kwenye begi. Kisha akaingiza mkono ndani ya shimo, akapitisha kidole kwenye ukingo, polepole, jinsi anavyopapasa pindo la nguo kuona kama limenyooka.

"Umekata," alisema.

"Nitarudisha. Kipande ninacho."

"Unacho kipande."

Sefu alikuwa ameinamisha kichwa. "Shemeji," akasema, "mimi niliambiwa unajua."

"Sasa najua," akamjibu, akaondoka.

Jumapili niliamka mapema nikakirudisha kile kipande. Nilitia gundi, nikakaza skrubu, nikafuata maandishi yangu ya penseli, kulia ni kulia na juu ni juu. Hakikujaa. Msumeno unapokata mbao huila nyingine ikawa unga, na ule unga mimi niliufagia nikautupa nje siku ya Alhamisi. Fundi yeyote wa mbao angeniambia. Kichwa cha cherehani kiliketi kikiwa kimeegemea upande. Mkanda wa ngozi ukawa unatoka kwenye gurudumu. Nikatia vipande vya katoni chini ya bawaba. Mkanda ukashika, lakini sindano ikagonga chuma ikavunjika. Nikabadilisha sindano, ikavunjika. Nikabadilisha tena.

Mama Wambui alikuwa ameketi kwenye stuli, mafungu ya sare mapajani, akinitazama. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Niliigombeza cherehani, nikawagombeza watoto kwa kusimama kwenye mwanga, nikamwambia yeye kwamba angekuja siku aliyosema angekuta kila kitu kiko sawa. Katika yote niliyofanya, maneno hayo ndiyo yanayonirudia.

Jumatatu alizipeleka sare kwa mwanamke mmoja wa Githurai mwenye cherehani ya stima. Mwanamke yule alikuwa na foleni ya kazi yake mwenyewe, akazimaliza Alhamisi. Shule ilikuwa imefunguliwa jana yake. Mama Wambui aliporudi alinieleza alivyopokelewa na mwenye shule. "Mama, wewe ni mtu mzuri," aliambiwa, "lakini watoto wangu wameingia na nguo za nyumbani, na wazazi wameniona."

Mwaka uliofuata kazi ile alipewa yule mwanamke wa Githurai. Naye akamwajiri mke wangu. Karibu miaka miwili Mama Wambui aliamka alfajiri kwenda kushona, kwa malipo ya kila nguo, sare zilezile za shule ileile, kwenye kibanda cha mtu mwingine. Kile alichokuwa amekiangalia yeye kilikodiwa na muuza mitumba.

Disko nayo haikufika popote. Nilifungua vifaa nikaviuza kimoja kimoja. Sefu tuliendelea kusalimiana, lakini hakunitafutia tena kazi, na sikumlaumu.

Jioni moja, baada ya muda mrefu, nilikuwa namweleza mke wangu, kama ninavyopenda kueleza mambo, kwa nini amplifaya ile haikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilimchorea hata kwenye karatasi. Alinisikiliza huku akikunja nguo. Nilipomaliza akasema:

"Chini ya kitanda kuna lile sanduku la mbao la vitambaa vyangu. Lina kifuniko na vishikio. Ungeniuliza, ningelimwaga nikupe."

Nilingoja atoke. Nikalivuta sanduku nikalipima. Deki zote mbili, miksa na amplifaya zingeingia, na nafasi ya kupitisha mkono ingebaki. Nilikuwa nimelala juu yake miaka yote.

Wewe unayejijengea mitambo nyumbani, unayekaa na vitabu vyako na bisibisi ukiamini kwamba ukipima vizuri umemaliza, nisikilize mimi niliyepima. Kabla hujagusa kitu cha mwenzako, mngoje arudi umuulize. Usimfanyie hesabu akiwa hayupo. Na kama umeshakata, usimgombeze kwa kurudi mapema.

Ile plaiwudi ya Ruiru, pamoja na bawaba zake, ilikuwa shilingi mia saba na themanini. Hizo ndizo nilizookoa.