Nilianzisha mchakamchaka kwenye flat ya Kilburn: uzoefu wangu wa kumsomesha binti nyumbani

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninayoyaeleza hapa ni kweli tupu. Mke wangu naye ni mwanachama humu jukwaani, kwa hiyo sina nafasi ya kuongeza chumvi.

Binti yetu Zuhura, mwenye umri wa miaka minane, alifika mahali akawa anatapika kila asubuhi ya shule. Hospitali hawakuona ugonjwa. Jumamosi na Jumapili alikuwa mzima wa afya. Tukakubaliana, mimi na mama yake, tumsomeshe wenyewe; sheria za hapa Uingereza zinaruhusu.

Mke wangu alitaka mtoto ajifunze kwa kucheza. Mimi, niliyelelewa na shule za msingi za Tanzania, niliamini kwamba pasipo ratiba hakuna elimu, kuna kelele tu.

Nikashinda hoja. Kwa muda.

Kila asubuhi niligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Paredi sebuleni. Ukaguzi wa kucha. Kisha mchakamchaka koridoni, mimi mbele, Zuhura nyuma, kutoka mlango wa choo hadi mlango wa jikoni na kurudi.

Kwa wasiozijua flat za huku: sakafu yako ndiyo dari ya jirani.

Jirani wa chini alipanda na taulo begani, akauliza kwa adabu kama tumefuga farasi.

Mama Zuhura, ambaye ni nesi na hurudi alfajiri kutoka night shift, hakuwa na adabu hiyo.

"Baba Zuhura, umemtoa mtoto shule ili umpeleke jeshini?"

"Nidhamu ndiyo msingi, Mama Zuhura."

"Basi msingi huo uchimbe nikiwa kazini!"

Hayo yote ningeyastahimili. Lakini asubuhi moja mfuniko ulipolia, Zuhura akatapika.

Hapo nikaweka mwiko chini. Tena council, yaani halmashauri ya hapa, walikwisha kutuarifu kwamba afisa wao angekuja kuona mtoto anaendeleaje. Asiporidhika, huenda Zuhura angerudishwa shule ile ile iliyokuwa ikimtapisha.

Nikakabidhi madaraka kwa mama yake. Hakuna ratiba. Mtoto acheze atakavyo.

Siku za mwanzo zilikuwa fedheha. Zuhura alishinda na pajama, akala cornflakes alasiri, akageuza meza yangu ya kusomea kuwa pango la dubu wake. Mimi nilikaa pembeni na kitabu, nikirudia ukurasa mmoja kwa hasira.

Kisha akachoshwa na kukaa bila mpango. Akapanga midoli yake mstari sebuleni, akachukua mfuniko na mwiko.

"Baba, line up."

"Mimi?"

"You're late. Go behind Teddy."

Nikajipanga nyuma ya dubu. Akakagua kucha zangu, akatikisa kichwa kama mwalimu mkuu anayefikiria kumwita mzazi. Akanifundisha tebo ya saba, ile ile iliyomshinda nilipomfundisha mimi, na nilipokosea kwa makusudi alinisahihisha papo hapo. Kesho yake, aliyeniamsha ni yeye.

Hivyo ndivyo afisa wa council alivyotukuta. Mama Zuhura alimfungulia mlango, na mimi nilikuwa koridoni na soksi zangu, nahema, nakimbia mchakamchaka.

"Knees up, Baba!"

Afisa, mama wa makamo, aliuliza ni nani mwalimu hapa.

Zuhura akainua mwiko. "Me. He's improving, but his nails are disgusting."

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzito juu ya falsafa ya malezi. Haikuhitajika. Yule mama aliketi kwenye zulia kando ya dubu, akaomba afundishwe na yeye, akaulizwa tebo, akakosea (sidhani kama yeye alikusudia). Alipoinuka alituambia kwamba mtoto anajifunza, tuendelee.

Mama Zuhura alinitazama. Jicho lile, wakuu, bora angenisema.

Funzo langu ni hili. Ratiba lazima iwepo, hapo sijabadilika: kuamka, kula, kusoma na kulala kuna saa zake, na hilo halijadiliwi. Lakini katikati ya saa hizo mwachieni mtoto. Akikukaribisha kwenye mchezo wake, ingia kama mgeni mwenye staha, usianze kumpangia viti.

Mnaosomesha nyumbani, leteni uzoefu wenu. Wakosoaji nao karibuni. Nitawajibu jioni, mchana niko darasani, na simu haziruhusiwi.