Miwani Nyeusi ya Mwalimu Stela

Siku ya kwanza kazini sikuuza hata miwani moja. Bosi wetu, ambaye wote tulimwita Mtaalamu kwa kuwa ndiye pekee pale dukani aliyesomea macho, alinikalisha chumba cha nyuma akaweka miwani mbili za jua mezani. Moja ilikuwa ya kahawia iliyopauka, nyingine nyeusi tititi.

"Ipi inazuia jua zaidi?"

Nikaonyesha nyeusi. Hakucheka. Alifunga pazia, akatoa noti ya shilingi elfu kumi na kurunzi ndogo ya mwanga wa zambarau. Alipoimulika noti, zikawaka alama ambazo sikuwahi kujua zipo. Akapitisha mwanga kwenye lenzi ya kahawia, alama zikazimika. Akapitisha kwenye ile nyeusi, zikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu katikati.

"Umeshamuumiza mteja, na hata chai hujanywa," alisema.

Ndivyo nilivyojifunza jambo la kwanza la kazi hii. Giza la lenzi ni rangi tu. Kinachokinga ni dawa iliyomo ndani yake, inayozuia ile mionzi isiyoonekana ambayo vibandiko huiita UV. Lenzi nyeusi isiyo na dawa ni mbaya kuliko kutovaa kabisa, maana jicho likiona giza mboni hupanuka, na mionzi huingia kwa wingi zaidi. Kila miwani iliyofaulu tuliiwekea nukta ya rangi nyeupe ya kucha, ndani ya mkono wake. Isiyo na nukta haikutoka dukani.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano wakati huo, nimemaliza kidato cha nne na nimehangaika na kazi nyingine tatu. Sikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Mtaalamu aliligundua hilo mapema, akawa ananituma nje: minadani, kwenye bonanza za michezo, na baadaye Mtumba, nje kidogo ya Dodoma mjini, wizara zilipohamia. Nakumbuka vizuri vumbi jeupe la Mtumba ya mwanzo, na ofisa mmoja aliyetaka miwani nyeusi kuliko zote nilizokuwa nazo.

"Za kuendeshea gari, mheshimiwa?"

"Za kikaoni. Nataka nikisinzia mkurugenzi asijue."

"Ukikoroma je?"

"Hiyo niachie mimi."

Nilimpa za kijivu, kwa sababu kijivu haibadilishi rangi za vitu na humfaa mtu wa shughuli za kila siku. Dereva wa safari ndefu nilimpa lenzi zinazokata mng'ao wa lami, lakini nilimwonya kwamba kioo cha simu kinaweza kuonekana cheusi. Mwendesha baiskeli nilimpa kahawia, maana kahawia huonyesha shimo na kokoto mapema. Mkimbiaji alihitaji fremu nyepesi inayozunguka mpaka kwenye panja, yenye mpira puani ili jasho lisiiteremshe. Nilimruhusu aondoke nayo baada tu ya kuruka mara kumi na kutikisa kichwa mbele yangu. Wafugaji walinunua hizohizo za wakimbiaji, kwa sababu ya vumbi linaloingia kwa pembeni. Hayo yote nilikuwa nayajua kama jina langu nilipofikisha miaka arobaini, na pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mwaka huo nilipangiwa upande wa Mpwapwa, chini ya Msimamizi wa Kanda. Meza yangu niliiweka Gulwe, karibu na reli. Gulwe saa saba mchana kiangazi ni mahali pa ajabu. Hakuna upepo. Reli zinayeyuka kwa mbali na juu yake panatokea maji ambayo si maji. Mtu akija kwa njia ya reli unamwona kwanza bila miguu, kisha bila kiuno, halafu ghafla yuko mbele yako anakusalimia.

Boksi jipya lilifika na lori siku ambayo kurunzi yangu ilikuwa imekufa betri. Vibandiko vilisema UV. Wateja walikuwa wamesimama. Nilichukua rangi ya kucha nikaweka nukta kwenye kila miwani, moja baada ya nyingine, bila kupima hata moja.

Mwalimu Stela alikuja siku hiyohiyo. Alikuwa akifundisha shule ya msingi na kusimamia michezo, mwanamke mrefu mwenye hatua za twiga. Alikuwa anajiandaa kwa mbio za kilomita ishirini na moja Dodoma mjini, na kila mchana alikimbia njia ya kando ya reli ili auzoeshe mwili jua.

"Chukua kahawia, mwalimu."

"Hapana dada, nipe nyeusi. Kahawia naona kama nimevaa chupa ya dawa."

Aliruka, akatikisa kichwa. Zilimkaa sawasawa. Na mimi, kwa ile tabia ya mezani ya kumpamba mteja akishalipa, nikasema, "Hizo hata jua lenyewe utalitazama."

Wiki kama tano zilipita. Alirudi mchana, miwani mkononi, akakaa kwenye kibenchi changu bila kusalimia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Dada, kuna mtu anakimbia mbele yangu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Nikiongeza mwendo anaongeza. Nikisimama anasimama. Nikigeuka kushoto, naye yupo kushoto."

"Ana sura?"

"Hana. Hana mikono wala miguu. Ni mweusi tu, anasimama kama mtu." Akaiweka miwani mezani. "Jana alikuwa darasani. Alisimama juu ya jina la mtoto kwenye daftari la mahudhurio."

Niliitazama reli, na kwa mbali kwenye yale maji ya uongo niliona kitu cheusi kimesimama. Nikangoja kisogee. Hakikusogea, na nilipofumba macho nikayafumbua, hakikuwepo.

Mzee mmoja muuza kahawa, aliyekaa hatua chache kutoka kwetu, alikuwa amesikia yote. Alikuwa Mgogo wa palepale, ameiona reli hiyo tangu utoto.

"Mbukwenyi," alitusalimu, akajisogeza. "Mwalimu, huyo tunamjua. Alikatwa na treni zamani, alikuwa anatembea kwenda kwao. Kila baada ya miaka anatafuta wa kumsindikiza. Usikimbie mpaka akuchoke."

"Ataondoka lini?"

"Akifika kwao."

Mwalimu Stela alinigeukia. Alitaka nimwambie kama mzee anasema kweli, na hapo ndipo naona aibu mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

Nilimuuliza, "Mwalimu, ulilitazama jua?"

"Kila siku nikimaliza kukimbia. Nahesabu mpaka kumi. Watoto wanapenda, wanasema mwalimu wetu analishinda jua." Akaniangalia. "Si ulisema?"

Hakuna miwani ya jua duniani iliyotengenezwa ili mtu alitazame jua. Hata yenye nukta ya kweli. Jua huchoma pazia la nyuma ya jicho palepale katikati tunapoonea, bila maumivu, na palipoungua pana giza linalokwenda kila macho yanapokwenda. Mtaalamu alinifundisha hilo. Nililijua. Na bado nilifunga mdomo, kwa sababu pale kwenye benchi palikuwa na marehemu wa reli aliyekuwa tayari kulibeba kosa langu.

Aliondoka akiamini maneno ya mzee. Siku mbili nilimwona akitembea kwenda shuleni na uso ameinamisha, akikwepa kitu kisichokuwepo. Siku ya tatu nikanunua betri, nikajifunika shuka nikapima boksi lililobaki. Kwenye kila miwani noti iliwaka.

Nilimpigia Msimamizi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nukta uliweka wewe?"

"Mimi."

"Basi nenda kwa huyo mwalimu kabla hujanieleza mimi. Mimi nina macho yangu mazima."

Nilimkuta shuleni, amesimamisha mchezo wa netiboli kwa sababu hauoni mpira. Nilimwambia yote, nukta na maneno yangu. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo huyu mtu hayupo?"

"Hayupo, mwalimu. Ni jicho."

"Afadhali angekuwepo," alisema. "Huyo angefika kwao."

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alisema hakuna dawa ya maana, ni kulipumzisha jicho na kusubiri; wengine huona tena, wengine huona nusu. Mbio zilipita bila yeye. Mimi nilizunguka vijiji kukusanya miwani za lile boksi mikononi mwa watu, na zote nilizipata isipokuwa ya mfugaji mmoja aliyekuwa ameshahama na ng'ombe wake. Bado namwazia. Kisha nikamkabidhi Msimamizi kurunzi, nikaacha kazi nikiwa sijafika hata umri wa kuitwa mstaafu.

Sasa nina miaka arobaini na saba na nimetembea sana tangu hapo. Naikumbuka kazi ile kuliko zote. Kijana unayeuza miwani, pima kila moja, hata foleni ikiwa ndefu, na usiongeze neno lolote baada ya mteja kulipa. Mteja hukumbuka lile la mwisho.

Mwaka huu nilipita Gulwe. Mwalimu Stela anafundisha bado, na jioni anakimbia tena. Tulikaa kwenye baraza yake, tukanywa chai. Niliona kwamba ananitazama sikio, hanitazami usoni, nikamuuliza kwa nini.

"Yule mtu amepungua sana," alisema. "Amebaki kama sahani. Lakini nikikutazama usoni, dada, ndiye anayekaa hapo ulipo."