Mfalme wa Kifaransa Mbele ya Chatu, Usagara

Mwalimu wangu wa uigizaji alikuwa Mfaransa, mtoto wa muuza nyama, aliyepanda jukwaani angali kijana na baadaye akaongoza kundi lake mwenyewe. Mimi nimetoka Mabatini. Nilifika kwao kwa jasho langu na nikarudi na diploma ambayo sijaona mwingine mwenye nayo hapa Mwanza.

Sifa yake kubwa ilikuwa ukimya. Aliingia jukwaani akasimama bila neno mpaka ukumbi mzima uache kukohoa. Nilimwona, mwili ukanisisimka. Mtu huyohuyo aliliambia darasa zima kwamba mimi nitafaa kufungua pazia tu.

Uzee ukamkuta. Kundi lake likapewa kijana, na kumbi zikaacha kumwita. Akanipigia simu akiomba kuigiza mara moja ya mwisho, popote pale. Nikamwambia aje. Nilimpa hotuba ya mfalme anayevuliwa ufalme, nikamkaririsha kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Nikampanga Usagara, nje ya jiji letu, kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Kila Msukuma anajua utaratibu: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na watu wanahamia kwa anayewavutia. Anayebaki peke yake ameshindwa. Mwalimu alidhani wale wa upande wa pili wanangoja zamu yao. Sikumweleza.

Akaingia na joho lake, akasimama kimya.

"Babu kasahau au kalala?" mama mmoja akauliza.

"Msalimie, labda atashtuka."

"Shikamoo, babu," wakamwamkia wengi kwa pamoja, kisha wakacheka.

Yeye akazidi kunyamaza, akingoja watulie. Ng'ambo ngoma ikalia, mchezaji akamwinua chatu juu ya kichwa, na watu wakageuka wakaenda kama ng'ombe walionusa maji. Alipofungua kinywa tulikuwa tumebaki mimi na bibi mmoja anayemenya karanga. Akaimaliza hotuba yote bila kukosea. Kiswahili kilikuwa safi, kazi yangu hiyo.

"Wamekwenda wapi?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Kwa aliyewavutia, Mwalimu. Ndiyo mashindano yetu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akatazama umati uliompa mgongo. "Niache nirudie. Safari hii nitaanza na maneno moja kwa moja."

"Hapa harudii mtu."

Nikamvua joho, nikalivaa, nikaingia uwanjani. Nilianza na matusi ya Kisukuma kwa mwenye chatu: kwamba nyoka wake kafa tangu juzi, anambeba tu kwa kuogopa kumwambia mkewe. Watu wakarudi mbio. Walimsukuma Mwalimu mpaka safu ya nyuma, akawa anachungulia kati ya mabega yao. Walipopiga makofi naye alipiga, akichelewa kidogo kila mara, kwa kuwa alisubiri kuona wenzake wanacheka wapi.