Pipa la Ndizi za Kipaimara

Mimi sina subira, nakiri. Hata chai naisimamia ichemke. Kwa hiyo mama mkwe alipovunjika mkono, wiki mbili kabla ya kipaimara cha binti yangu, akanikabidhi kazi ya kuvundika ndizi za wageni, nilirukaruka jikoni kama mtoto. Miaka kumi na sita nimeolewa hapa kijijini Kikwe, na bado alikuwa akiniita "mgeni wetu." Ati msichana wa mjini, wa Kwa Mrombo, kila kitu kununua sokoni.

"Usizibe sana," aliniambia. "Ziachie pa kupumulia."

Ndizi zipumue? Nilicheka kimoyomoyo. Nikashindilia mikungu miwili mibichi kwenye pipa la plastiki, nikafunga mfuniko, nikauzungushia nailoni ili joto lisipotee hata chembe. Siku ya tano nilipofungua, pipa lilikuwa linatiririka maji ndani, ndizi bado za kijani, zimelegea, zinanuka pombe. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe alichungulia, akasema tu, "Umezinyonga, mgeni wetu."

Nilikasirika, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe. Jioni ileile nikakata mikungu mingine. Safari hii nilitandika pipani majani makavu ya mgomba, nikapachika katikati chane moja ya ndizi mbivu, maana mbivu ndizo huziivisha mbichi, nikafunika kwa gunia tu. Kisha nikajizuia kufunua. Jamani, nilijizuia!

Siku ya tatu nikapenyeza mkono chini ya gunia. Moto! Hapakuwa na jiko karibu wala jua halifiki pale. Ni ndizi zenyewe zilikuwa zinapumua na kutoa joto, na pumzi yao ikanilowesha kiganja. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Ziko hai! Zimekatwa shambani na bado ziko hai!

Jumapili, baada ya ibada, masinia yalijaa ndizi kisukari za njano, tamu hadi watu wakasahau pilau. Shangazi wa mume wangu akamgeukia mama mkwe.

"Wifi, hizi umevundikaje na mkono huo?"

Mama mkwe alimaliza kwanza kutafuna.

"Mimi sijagusa kitu," alisema. "Muulize mwenye mji."

Akaninyooshea ganda la ndizi alilokuwa ameshika.